Mimi Nitampa, Shida ni Wale Wengine

Juzi mjukuu wangu Salado alinipiga picha kwa simu yake, akaminyaminya kioo, halafu akanipa nione. Nikaona mzee mmoja mweupe, mashavu laini, amevaa kofia yangu. Nikamuuliza, "Huyu ni nani?" Akacheka. "Ni wewe, babu. Nimekupendezesha kidogo tu." Kidogo! Wallahi mama yangu angefufuka siku hiyo angenipita barabarani bila salamu. Nilimwambia anirudishie sura yangu haraka kabla sijaita polisi.

Hapo ndipo nikaona heri niseme na nyinyi, vijana wa Isiolo mnaopiga picha kwa simu na kujiita mafundi. Siwagombezi. Mimi naitwa Galgalo, lakini ukiuliza Galgalo mjini utaletewa watu wengi. Uliza Galgalo Picha. Studio yangu iko palepale karibu na soko la mifugo, siku hizi anaikalia Salado, na mimi nimeachiwa benchi la nje. Nimepiga picha za arusi, za maiti, za pasipoti, za mbuzi walioshinda mashindano, na za watu waliotaka kura. Hao wa kura ndio ninaotaka kuwasimulia leo, wa hapa na wa Amerika. Msishangae. Amerika ilipita kwenye studio yangu ikakaa muda mrefu tu.

Lakini kwanza mwanga, maana bila mwanga hamtanielewa.

Kazi nilifundishwa na Mzee Farah, Msomali mfupi, mkali, ambaye hakuwahi kuniita kwa jina langu bila kuguna kwanza. Mteja wa kwanza aliyeniachia peke yangu alikuwa mzee wa kwenda Maka. Kanzu nyeupe, kofia nyeupe, na ukuta nyuma yake mweupe. Nikapima mwanga vizuri kabisa, nikapiga. Picha ilipotoka, kanzu ilionekana mpaka mshono wa kola. Uso haukuwepo. Palikuwa na weusi mtupu na macho mawili ndani yake. Mzee Farah aliitazama, akaguna, akamwita mteja. "Sheikh, huyu Galgalo amekupigia kanzu yako pasipoti. Wewe mwenyewe utasafiri lini?"

Watu walicheka mpaka nikataka kuingia chini ya meza. Jioni ndio akanielewesha. Kamera ni mjinga, alisema. Ikiona nyeupe nyingi inadhani jua limezidi, inafumba jicho. Kwa hiyo usipimie kanzu, usipimie ukuta, sogea mpaka kwenye shavu la mtu, upime pale. Na filamu hizi, akasema, zilitengenezwa na watu waliojipima wao wenyewe, wakaridhika. Wewe mtu wako ni mweusi, fungua lenzi hatua moja zaidi, mgeuze aelekee dirishani, mwekee shuka jeupe upande wa pili limrudishie mwanga. Akiwa mweusi sana mpake mafuta kidogo kwenye mashavu, yale ya kukamulia ng'ombe yanatosha. Utaona uso unatoka.

Hayo ndiyo yaliyonilisha. Watu walikuwa wanatoka Oldonyiro na vumbi lao, wanapita studio nyingine mbili, wanakuja kwangu, kwa sababu kwangu mtu alikuwa anajiona. Shida yangu ilikuwa arusi. Bibi arusi maji ya kunde, bwana arusi mweusi tititi, na wanataka picha moja. Ukimpimia bwana, bibi anakuwa karatasi. Ukimpimia bibi, bwana anapotea, zinabaki suti na meno. Halafu shangazi anakuja kugomba eti umemharibia mtoto wao kwa makusudi. Dawa yake ni kumsogeza mweusi karibu na dirisha na mweupe nyuma kidogo. Ni hatua moja tu. Hata simu zenu zinahitaji hatua hiyo, hakuna cha kuminyaminya.

Sasa Amerika.

Nilikuwa nimenunua televisheni ili wateja wasichoke kungoja. Kosa kubwa, kwa sababu wakaja watu wa kungoja bila picha. Wawili ndio walikuwa wakubwa wao. Mmoja ni Mzee Lopeyok, Mturkana, askari mstaafu wa wanyama pori, mrefu, hana haraka na lolote. Wa pili ni Mama Nkirote, Mmeru, aliyekuwa na meza yake ya miraa mlangoni kwangu. Yeye alikuwa anatazama akiwa nje, shingo imeingia ndani.

Siku moja akaingia mwanamke wa kutaka picha ya pasipoti, anaitwa Renee, amekuja kujitolea kufundisha shule moja ya hapa. Mmarekani. Mweusi kuliko mimi. Nyuma yake watoto wamemfuata kutoka sokoni wanapiga kelele, "Mzungu! Mzungu! Hawayu!" Akakaa kwenye kiti changu akashika kichwa. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani lakini kilitosha. "Mzee, tafadhali niambie. Mimi ni mzungu?"

Nilimwangalia. Nikaangalia viatu vyake, nikaangalia ile chupa ya maji aliyoning'iniza mgongoni. "Kidogo," nikamwambia.

Alicheka sana yule mama. Kwao, alisema, hakuna siku hata moja aliyoamka akasahau kwamba yeye ni mweusi, kila mtu alikuwepo kumkumbusha. Sasa amevuka bahari kuja kwa weusi wenzake anaitwa mzungu. Nilimpiga picha yake, nikampimia shavu, nikafungua lenzi hatua moja. Alipoiona aliisogeza dirishani. Akasema hajawahi kuwa na picha ya pasipoti ambayo mamake angeitambua. Tangu siku hiyo akawa mtu wa benchi, wa tatu.

Wakati ule Amerika walikuwa wanatafuta rais, na kwenye mchujo wa chama kimoja alikuwemo mwanamke ambaye Renee alimpenda kufa. Jina lake halina maana tena, mmeshamsahau nyote. Alikuwa mtu wa damu mbili, nyeupe na nyeusi. Kila jioni kwenye televisheni wazee wenye tai walibishana: je, huyu ni mweusi? Na kama ni mweusi, anachaguliwa?

Mzee Lopeyok alisikiliza siku mbili tatu, akachoka. "Mwalimu," akamuuliza Renee, "baba yake huyu mama ni nani?"

"Baba yake ni mweupe. Mama ndiye mweusi."

"Ah! Basi ni mzungu. Mambo yamekwisha." Akanyoosha miguu. "Wazungu si ndio wengi kule? Watampa mtoto wao. Atashinda asubuhi na mapema."

"Hata kwetu Meru," Mama Nkirote akasema kutoka mlangoni, "mtoto ni wa baba."

Na mimi Mborana nikatikisa kichwa kukubali. Sisi watatu, makabila matatu ambayo hatujawahi kukubaliana hata bei ya kondoo, tulikuwa kitu kimoja hapo. Mtoto ni wa baba. Uchaguzi wa Amerika tulikuwa tumeshaumaliza.

Renee alilazimika kuweka chai chini asiimwage kwa kicheko. Kisha akatueleza. Kwao baba hahesabiwi, mama hahesabiwi. Ukiwa na tone moja la damu ya mweusi, wewe ni mweusi, imekwisha.

Mzee Lopeyok alilifikiria hilo. Hakuwa mtu wa kurukia jambo. "Na lile tone la mzungu? Lenyewe linakwenda wapi?"

"Halihesabiwi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu waliohesabu ni wao, mzee."

Nikamkumbuka Mzee Farah na filamu zake. Mama Nkirote akageuka kuuza miraa yake.

Siku nyingine Renee alinivuta mkono. Kwenye televisheni walikuwa wanaonyesha matangazo mawili, la rafiki zake yule mama na la washindani wake, picha ni ileile moja. Kwenye lile la washindani uso ulikuwa mweusi zaidi, umekaa kama mtu wa kuogopwa. Akaniuliza mimi kama fundi: hii ni taa mbaya au ni mkono wa mtu? Nikamwambia atazame blauzi. Blauzi ni nyeupe ileile kwenye picha zote mbili. Taa ikipungua inapungua kwa wote, haiachi blauzi ikachukua shavu. Nafikiri Renee alikuwa anajua, alitaka tu asikie kutoka kwa mtu ambaye hana upande.

Lakini haya ya picha siyo yaliyommaliza yule mama. Kila mahali alikopita, waandishi walikuwa wanawawekea watu kinasa sauti mdomoni, na Renee anatutafsiria. Mkulima mzungu akasema, "Mimi binafsi sina neno naye, mama mwerevu. Lakini nchi haiko tayari." Mwalimu mzungu akasema, "Mimi ningempa. Shida ni wale wengine." Halafu usiku Renee akampigia simu mamake mzazi, mweusi kama yeye, akaja kesho yake studio macho yamevimba. Mamake amesema kura yake atampa mzee mmoja mweupe. Siyo kwamba anampenda huyo mzee. Anasema weupe hawatampa yule mama kamwe, sasa kwa nini apoteze kura? Na Renee akauliza, huku anatembea huku na huku studioni mwangu kana kwamba mamake yuko pale, mama, ni weupe gani hao, na kila mweupe anasema yeye hana neno?

Mchujo haukuwa umefika hata nusu yule mgombea akajitoa. Mzee Lopeyok alisikitika kweli, alikuwa amemzoea. "Sasa ni nani aliyemkataa?" akauliza.

"Hakuna," Renee akasema. "Wote walikuwa wanampenda."

Lopeyok akacheka kile kicheko chake cha polepole. "Wazungu ni watu wa ajabu sana. Sisi huku mtu akimtaka mtu, anampa. Basi."

Lishikeni neno hilo. Mtalihitaji mbele.

Renee alirudi kwao. Ikapita miaka, filamu zikaisha duniani, mashine zikaja, nikajifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Na siku moja akaingia Kanana Mwiti, analia kwa hasira, ananiambia anasimama kiti cha wadi yetu ya Burat.

Kanana mnamjua nyinyi wa Burat, kwa wasiomjua niseme. Alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo. Ng'ombe akikwama kuzaa usiku wa manane, aliyekuwa anakuja na pikipiki na ndoo yake ni Kanana. Hakuuliza ng'ombe wa nani. Baba yake alikuwa Mmeru aliyelima Burat akafa mapema, mama yake ni Mturkana, na alilelewa kwa ndugu za mama yake huko, katikati ya mbuzi. Kiturkana anakinywa kama maji. Kimeru anakivunja lakini anakwenda nacho. Na kwa sababu alikuwa mtumishi wa serikali, ili asimame ilibidi aache kazi. Alikuwa ameshaiacha.

"Nikianguka hapa, mzee, naanguka mzima," aliniambia. "Sina pa kurudi."

Kilichomliza ni hiki. Alikwenda kwa wazee wa upande wa mama, wakamwambia kwa upole, mtoto ni wa baba, na baba yako ni Mmeru, nenda kwa wenzako. Akaenda kwa wakulima, wakamwambia kwa upole vilevile, wewe umelelewa kule, umekuwa wa kule. Mmeona mambo? Amerika wana njia moja ya kuhesabu na wanaishikilia. Sisi Burat tulikuwa na njia mbili, na kila upande ulichagua ile iliyompeleka upande wa pili.

"Nipige picha mbili," Kanana akasema. "Moja nivae shanga za mama, unifanye mweusi kidogo. Nyingine kitambaa na koti kama mama wa Kimeru, unifanye maji ya kunde."

Nilimwambia, "Nguo vaa hata kumi. Uso nitaupima mara moja."

Alikasirika. Lakini nilimpiga zote mbili, shanga na koti, uso ni ule ule. Zilikuwa picha nzuri, hata yeye alikubali. Nilichosahau ni kwamba bango halichapwi kwangu. Lilikwenda kwa kijana mmoja mwenye kompyuta, na yeye, bila kutumwa na mtu, akapendezesha. Wa shanga akatoka mweusi kama masizi. Wa kitambaa akatoka rangi ya ndizi mbivu. Halafu vijana waliotumwa kubandika, badala ya kupeleka hili huku na lile kule, wakabandika yote ukuta mmoja pale stendi, ubavu kwa ubavu, kwa sababu ndio ukuta uliokuwa na kivuli.

Nilikuwepo. Wazee wawili walikuwa wametoka Oldonyiro na ng'ombe wa soko, wamesimama mbele ya ukuta, fimbo mabegani, wanatazama kwa makini.

"Hawa ni dada?"

"Dada kabisa. Angalia pua."

"Sasa kwa nini hawakukaa nyumbani wakaongea, mmoja amwachie mwenzake? Watagawana kura hawa, wapite watu wengine katikati."

"Wasichana wa siku hizi hawasikii."

Nilimsimulia Kanana na tukacheka mpaka akashika ubavu. Kisha kile kicheko kikageuka kilio mbele yangu, na hicho hakikuwa cha hasira tena. Akasema, "Hata mimi mwenyewe nikiingia kupiga kura sitajua nichague yupi." Niliumia. Nilikuwa nimemjua tangu anakuja kupigwa picha ya shule na kamasi.

Basi nikamsimulia habari ya Renee na yule mama wa Amerika, kama nilivyowasimulia nyinyi. Na nikamwambia jambo ambalo mpiga picha tu ndiye anaweza kulijua, kwa sababu kila mtu anakaa kwenye kiti changu na mtu akikaa kungoja picha ataongea tu. Nikamwambia, Kanana, wiki nzima nawauliza. Sijapata mtu hata mmoja anayekukataa. Mzee Lopeyok ameniambia, "Mimi nitampa, ameniokolea fahali. Shida ni wale Wameru, hawatampa." Mama Nkirote ameniambia, "Mimi nitampa, mwanamke mwenzangu. Shida ni wale Waturkana." Na hao wawili wamekaa benchi moja miaka yote, wanakunywa chai kwenye chupa moja!

Kanana akapangusa uso. "Basi nitawaita mahali pamoja," akasema, "kila mmoja amwone huyo mwingine."

Aliwaita kwenye josho la Burat, pale mifugo inapooshewa dawa, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo wafugaji na wakulima wanafika bila kuulizana. Waliokuja walikuwa wengi. Mimi nilipanda juu ya ukuta wa josho na kamera, magoti yangu yakilalamika. Salamu za kila aina zilipita pale, salaam aleikum huku, ejok ya Waturkana kule, muga ya Wameru kwa mama wa shamba. Kanana hakuvaa shanga wala koti. Alivaa lile ovaroli lake la kazi, la kijani, lenye doa la dawa ambalo halitoki.

Alisema nao Kiturkana, akasema nao Kimeru chake cha kuchechemea, wakacheka, akaja kwa Kiswahili. "Nimeambiwa kila mtu hapa ananipenda," akasema. "Na kila mtu anaogopa mwenzake hatanipa. Sasa tumalize. Yule ambaye atanipa, asimame. Sasa hivi, tuonane."

Wallahi nimeona mengi kwenye kioo cha kamera lakini sijaona kama lile. Watu walianza kuinuka. Wote! Makalio yalitoka kwenye mawe, kwenye viti, kwenye majani. Yakafika nusu. Halafu kila mtu akageuza shingo kuangalia kama wengine wamesimama, akaona wengine wako nusu, wanaangalia shingo upande. Wakabaki hivyo. Nilibonyeza. Wanawake wachache nyuma walikuwa wamesimama wima kabisa, wakaona wako peke yao, wakakaa. Na wengine wote wakakaa. Kukawa na kikohozi kirefu.

Kanana aliwashukuru. Akashuka akaenda kwa pikipiki yake, na mimi nikamwangalia anavyoshindwa kuipiga stati mara kadhaa.

Alianguka. Wala si kwa kura nyingi, lakini kuanguka ni kuanguka. Kazi ilikuwa imekwenda. Alikaa nyumbani kwa mamake muda, halafu akafungua duka la dawa za mifugo, na usiku ng'ombe wakikwama bado anakwenda. Na mimi kwenye kiti changu niliendelea kupiga picha watu wa Burat, na kila aliyekaa nilimuuliza. Mama Nkirote: "Mimi nilimpa." Mkulima wa nyanya: "Mimi nilimpa, haki ya Mungu." Mchungaji wa mbuzi, kinyozi, mama wa kanisa, mzee wa msikiti, wote walimpa. Kwa hesabu ya kiti changu Kanana alichaguliwa na wadi nzima. Sijampata aliyemnyima, na nimemtafuta.

Sasa mwaka ujao tena ni kura. Wiki iliyopita Kanana alikuja kwa Salado, safari hii anataka picha moja, na ovaroli lake amelifua. Nilimwambia Salado kitu kimoja tu, ampime kwenye shavu, na kwamba akiminyaminya ile simu yake nitamnyang'anya funguo za studio. Nikatoka nje kwenye benchi langu niwaachie nafasi.

Mzee Lopeyok akaja akakaa. Amezeeka lakini urefu haujapungua. Akachungulia dirishani akamwona.

"Anasimama tena?"

"Anasimama."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Mtoto mzuri sana huyu. Mimi nilimpa, unajua. Na nitampa tena. Shida ni wale wengine."

Nyinyi vijana mnaweka picha kwenye simu, hamwezi kuzitoa haraka mtu akihitaji. Mimi yangu nilikuwa nayo ndani, ukutani nyuma ya mlango, kubwa, nimeitia fremu. Niliingia nikaitoa. Nikamwekea Mzee Lopeyok mapajani, ile ya josho. Akatafuta miwani. Aliitazama kwa muda mrefu, kidole kikipita juu ya watu mmoja mmoja, akitaja majina, huyu amekufa, huyu yuko Marsabit siku hizi. Kidole kikafika kwa mtu mmoja mrefu, katikati, magoti yamekunjwa, mkono mmoja kwenye fimbo, shingo imegeuka.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe."

Akaisogeza karibu. "Naangalia nini hapa?"

"Wale wengine."

"Na wao?" Kidole kilikuwa kinazunguka juu ya nyuso zile zote. "Wao wanaangalia nini?"

"Wanakuangalia wewe."

Hakucheka. Nilimngoja acheke kile kicheko chake cha polepole, hakikuja. Alivua miwani akaikunja, akanirudishia picha yangu kwa mikono miwili. Mama Nkirote alikuwa kwenye meza yake hapo mlangoni, anasikia kila kitu, mikono imesimama juu ya miraa.

Ndani, Salado alikuwa anamwambia Kanana ainue kidevu. Mzee Lopeyok alishika fimbo yake, akainuka, polepole, hakugeuza shingo upande wowote, mpaka akasimama wima kabisa, kisha akaingia kumsalimia.